Unyayo Unaokua

Jumapili, 7 Aprili

Tangazo limebandikwa ukutani kwa mwenyekiti wa mtaa, juu ya tangazo la mbwa aliyepotea. Ofisi ya wanyamapori inataka mtu wa kutambua nyayo. Mtu mmoja tu. Awe mkazi wa hapa, awe na macho mazuri, asiogope matope. Usaili Jumamosi saa tatu asubuhi, nyuma ya ofisi yao.

Nimelisoma mara tatu. Macho ninayo. Matope siyaogopi. Ujuzi utapatikana katikati ya wiki.

Lazima niipate. Shemeji, yaani kaka yake mke wangu, ameshasema: ikifika Jumatatu ijayo sina kazi, nikaripoti kwenye mashine yake ya kusaga chakula cha kuku. Kazi yenyewe ni kushona midomo ya magunia ya pumba tangu asubuhi mpaka jioni, huku yeye akisimulia alivyoanza na kifaranga kimoja. Kifaranga hicho nimekisikia mara nyingi kuliko kuku aliyekiangua.

Mke wangu kakubaliana naye. Anasema tangu niachishwe pale kwenye mizani ya malori kazi yangu ni kutazama dari. Si kweli. Nilikuwa natafakari, na dari ndiyo iliyokuwa mbele yangu.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimepata kitabu! Muuza karanga wa kona ya pili alikuwa nacho, anachana kurasa na kufungia karanga. Kinahusu nyayo tupu, kila mnyama ukurasa wake, wamepangwa kwa alfabeti. Nimebadilishana naye kwa bunda la magazeti ya zamani. Alinitahadharisha kwamba mwanzo wa kitabu umeshaliwa na wateja mwaka jana na mwisho umeondoka wiki hizi. Kilichobaki kinaanza na fisi na kuishia na nyegere.

Sikujali. Wanyama wa maana wote wako katikati.

Jioni nikagundua kwamba fundi viatu, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, naye ameomba kazi hiyohiyo. Nikamuuliza kama ana kitabu. Akasema hana kitabu, ila ana miaka ishirini ya kutazama watu wanavyokanyaga. Nikamweleza kwa upole kwamba mnyama havai viatu. Akasema basi itakuwa rahisi zaidi, na akaendelea kupiga msumari.

Ananiita Mtaalamu. Nadhani ni heshima.

Jumanne, 9 Aprili

Kitabu kina mambo ya kina kuliko nilivyodhani. Leo asubuhi, kwenye ukurasa wa fisi, nimeona picha ya pili ambayo jana ilinipita kabisa. Ya kwanza imechorwa kwa wino mweusi, vidole vinne na kucha. Ya pili iko pembeni, ndogo, ya rangi ya udongo, vidole vinne vya mviringo bila kucha. Chapa nzuri sana. Ukigusa, inaacha rangi kidogo kidoleni. Vitabu vya zamani vilipigwa chapa kwa wino wa kweli.

Nimeielewa hivi: fisi anapokwenda kwa hasira hutoa kucha, anapokwenda kwa adabu huzificha.

Nilitaka kusoma zaidi lakini Mkaguzi alikuwa amelala juu ya kurasa zilizobaki. Mkaguzi ni paka wa mama mkwe. Walihamia kwetu pamoja, kwa wiki mbili, mwaka juzi. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna sufuria inayofunguliwa nyumba hii bila yeye kufika kuangalia. Nilipomsogeza, mama mkwe akauliza kutoka chumbani, "Mkwe, huyo mnyama kakukosea nini?" Sijui alionaje. Mlango ulikuwa umefungwa.

Saa nne nikaenda bombani kuchota maji. Na pale, kwenye tope chini ya bomba, nikaiona. Picha ya pili! Vidole vinne, mviringo, bila kucha. Nikatoa rula. Sentimita nne.

Fisi. Mdogo, mwenye adabu, lakini fisi.

Nikarudi mbio kumwambia mke wangu. Akauliza maji yako wapi.

Jumatano, 10 Aprili

Nimekwenda bombani mapema na rula. Sentimita saba.

Nikakaa juu ya ndoo kufikiri. Jana nne, leo saba, mahali palepale, vidole vilevile. Haiwezekani fisi wawili wakanyage sehemu moja bila kukosea hata kidogo. Kwa hiyo ni yuleyule. Kwa hiyo anakua.

Bomba lenyewe halifungi vizuri, na akina mama wakijaza ndoo maji humwagika yakapita juu ya unyayo. Bado unaonekana wazi. Hii inaonyesha uzito wa mnyama.

Nimeandika taarifa ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa mtaa. Mpango ni huu: taarifa ifike kwa ofisa wa wanyamapori kabla ya Jumamosi, ili nikiingia kwenye usaili nisiwe mwombaji bali yule bwana wa fisi. Nimepiga mstari chini ya neno fisi mara mbili. Mwenyekiti alisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamwonyesha ukurasa. Akauliza kwa nini picha ya pili iko pembeni kidogo. Nikamwambia ndivyo vitabu vya kitaalamu vilivyo.

Alhamisi, 11 Aprili

Sentimita kumi na mbili!

Mwenyekiti amefunga bomba kwa kamba na kitambaa chekundu. Watu wote wa mtaa wetu sasa wanachota maji kwenye bomba la shuleni, mlima kwenda, mlima kurudi, sijui imewezekanaje. Nilitegemea shukrani. Mke wangu alirudi na ndoo kichwani, akaitua, akasema tu kwamba fisi huyo akimkuta yeye njiani leo, atakayehitaji kuokolewa ni fisi.

Umati ulikuwepo bombani mchana. Nikawaeleza hesabu zangu: nne, saba, kumi na mbili. Kwa kasi hii, Jumapili atakuwa sawa na meza. Mama mmoja akamshika mtoto wake.

Ndipo fundi viatu akapenya mbele akiwa na kiatu cha mtu mkononi. Akachuchumaa. Akatazama bila rula, bila kitabu, bila chochote. Akasema unyayo huu ni mmoja tu, wa Jumanne, na haujakanyagwa tena. Kinachokua ni shimo. Maji yanakula kingo za tope, shimo linapanuka, ndiyo maana vidole havina tena umbo, vimekuwa kama vikombe. Akasema mwenye unyayo ni paka.

Watu wakacheka. Si wote. Wengi.

Nikafungua kitabu mbele ya kadamnasi nikatafuta paka. Hayumo. Kuna nungunungu, kuna nyati, kuna nyegere, basi. Nikauliza kama kuna mtu anayeweza kunionyesha paka kwenye kitabu hiki. Hoja ikaishia hapo, kwa upande wangu.

Fundi viatu akasema sawa, Mtaalamu, tufanye hivi: funika unyayo kwa beseni mpaka kesho, maji yasifike, halafu pima. Usipokua, ni maji. Nikakubali. Sina cha kuogopa mbele ya sayansi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nimefunua beseni mbele ya mwenyekiti na fundi viatu. Sentimita kumi na mbili. Haujakua hata kidogo.

Ni kama nilivyotazamia. Fisi ameliona beseni akaogopa.

Fundi viatu alitikisa kichwa akaondoka zake. Mwenyekiti akafungua kamba na kukunja kitambaa chekundu. Akasema taarifa yangu ameshaipeleka kwa ofisa na anajuta kutumia bahasha. Inaonekana yule mama ofisa aliisoma mpaka mwisho akaomba abaki nayo. Huo ni mwanzo mzuri.

Lakini sitaki kutegemea sifa peke yake. Mchana nilikwenda ofisi ya wanyamapori kuzoea mazingira. Nyuma kuna ukuta, tangi la maji upande mmoja, stoo upande mwingine, na katikati wamemwaga tope refu kama kitanda, limefunikwa turubai. Mfagiaji wa ofisi, mama mmoja mwenye kilemba, alikuwa anafagia kuelekea huko, nami nikatembea kuelekea huko. Kwa mazungumzo ya kawaida tu nikajua kwamba ofisa ameshagandamiza nyayo sita za majaribio kwa vibao vilivyochongwa, na kwamba yeye mfagiaji ndiye aliyembebea vibao, kila kimoja kimeandikwa jina.

Sikumwomba chochote. Nilimuuliza tu kama ofisini wana chupa ya chai nzuri. Akasema yao inavuja. Nikarudi nyumbani nikachukua ya mke wangu, ile ya maua mekundu, ambayo haitumii kila siku.

Turubai likainuliwa. Mfagiaji akataja, mimi nikaandika kiganjani, kuanzia upande wa tangi: fisi, ngiri, kima, nungunungu, kanga, nguchiro. Akanisihi nisisogee. Nilisogea kidogo tu, hatua moja, kuhakikisha. Kisha turubai likashushwa.

Nimeshinda. Nimekariri mpaka nikaweza kuyataja nikiwa nimefumba macho. Fundi viatu masikini ataingia pale na miaka yake ishirini.

Mke wangu anatafuta chupa ya chai. Mama mkwe naye anatafuta. Mimi pia natafuta, kwa bidii kuliko wote.

Jumamosi, 13 Aprili

Naandika kwa utulivu. Niandike mambo kwa mpangilio yalivyotokea.

Waombaji tulikuwa wawili. Mama ofisa ni mtu wa miwani na maneno machache. Kando yake mfagiaji alikuwa anamimina chai kutoka chupa ya maua mekundu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kama shahidi. Na mke wangu alikuja, sikumwalika, amebeba mwavuli wangu niliousahau. Akaiona chupa. Akauhamishia mwavuli mkono wa kulia. Kwa mke wangu hiyo ndiyo hatari.

Ofisa akasema upande wa tangi pamelowa kwa sababu ya mvua ya alfajiri, kwa hiyo tuanzie upande wa stoo. Sikuona tofauti. Nyayo ni zilezile sita.

Nikaomba kuwa wa kwanza. Turubai likatolewa. Nikapita taratibu, mikono nyuma, bila kuinama. Kuinama kunaonyesha wasiwasi. Mbele ya unyayo wa kwanza nikasema, fisi.

Ofisa akauliza, fisi wa ukubwa wa kidole gumba? Nikamkumbusha kwamba fisi hukua haraka, kama taarifa yangu ilivyoeleza. Akaandika kitu.

Wa pili nikasema ngiri. Akaniuliza ngiri ana vidole vitatu kama kuku? Nikasema inategemea ngiri. Wa tatu, kima. Wa nne, nungunungu. Wa tano nikasema kanga, na hapo mwenyekiti akakohoa, kwa sababu zilikuwa kwato mbili zilizopasuka na kila mtu aliyewahi kuona mbuzi angejua si ndege. Wa sita, wenye kucha nne kubwa, nikasema nguchiro. Nikamaliza nikiwa nimetulia. Nilikuwa nimetaja sita kwa sita.

Ofisa akasema nimekosa sita kwa sita. Akaongeza kwamba katika miaka yake ya kazi hajawahi kuona jambo kama hilo, kwani hata mtu anayebahatisha hupata mmoja.

Nilitazama kiganja. Nikatazama tangi. Nikatazama stoo. Kuna mambo mtu anayaelewa kwa kuchelewa kidogo.

Lakini bado haikuwa imeisha. Kando ya tope, karibu na mwisho wa turubai, palikuwa na unyayo wa saba. Ofisa akasema huo hakuuweka yeye, lakini kwa kuwa upo, atautumia kutupa nafasi ya mwisho. Atakayeutambua kwa maelezo kamili, yeye atasahau mengine yote.

Atasahau mengine yote! Nikaona magunia ya pumba yanarudi nyuma hatua moja.

Huu wa saba niliinama. Niliutazama kwa dhati kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Mrefu, umezama sana nyuma, na mbele una vidoti vinne vimepangwa mstari. Kucha nne. Katikati mkunjo. Hakuwa fisi, hakuwa ngiri. Nikapitisha kitabu chote kichwani, ukurasa kwa ukurasa, mpaka wa mwisho. Nikasimama, nikapangusa magoti, nikasema: nyegere dume, mzee, mzito, mguu wa kushoto una jeraha, na alipita hapa akiwa na nia mbaya.

Ofisa akamgeukia fundi viatu.

Fundi viatu hakuinama hata. Akasema ni namba arobaini na mbili, mguu wa kushoto. Kisigino kimelika upande wa nje, mwenyewe hukata kona kwa haraka. Soli ya mbele si ya kiwandani, ni kiraka cha tairi la lori, kimepigwa misumari minne, kwa sababu mwenye kiatu alisema mitatu haitoshi. Akanitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Akasema, "Kiraka hicho nilikiweka mwezi uliopita, Mtaalamu. Uliniambia utakaa miaka."

Wote wakatazama miguu yangu. Mimi pia nilitazama, kwa nia njema ya kusaidia uchunguzi. Kiatu cha kushoto kilikuwa na tope lililokauka, la rangi ileile.

Ofisa akauliza ni lini nilisimama hapo, wakati turubai liliwekwa jana asubuhi. Mfagiaji akaanza kufagia mahali palipokuwa safi. Nikasema huenda nyegere aliniibia kiatu. Mke wangu, ambaye hajawahi kunisaidia mbele za watu, akasema na chupa ya chai pia aliiba huyohuyo?

Fundi viatu akataja sita zilizobaki, zote sawasawa. Hakuna kitabu alichosoma. Anasema alitazama tu uzito ulipoangukia.

Kapata kazi. Ofisa alinipa mkono na kuniambia taarifa yangu ya fisi anayekua ameibandika ofisini, wenzake huisoma wakichoka. Ni jambo dogo, lakini linatia moyo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Mke wangu mbele na chupa yake kwapani, mimi nyuma na mwavuli. Mama mkwe alikuwa barazani. Akatutazama, akamwambia Mkaguzi, "Haya, shemeji yako anaanza pumba Jumatatu." Simjui paka huyo kwa undugu huo, lakini sikubisha.

Jumatatu, 15 Aprili

Magunia thelathini na moja nimeshona. Vumbi la pumba liko puani, masikioni, na sehemu nyingine ambazo sitazitaja. Kifaranga kimoja nimekisikia kabla ya saa tatu, na tena baada ya chakula, kimekua kidogo kwenye usimulizi wa pili. Shemeji anasema nina mkono mzuri wa sindano. Anasema labda nitadumu.

Fundi viatu alipita mlangoni akienda kazini, amevaa koti la ofisi. Akasema nimpelekee kile kiatu abadilishe misumari, zawadi ya kuagana na kibanda chake. Nikamwambia nitafikiria.

Mchana nilimtafuta muuza karanga. Nikanunua, nikala, nikakunjua karatasi. Ulikuwa ukurasa wa kitabu changu, ule unaokuja baada ya nyegere. Paka.

Picha ni ileile. Vidole vinne, mviringo, bila kucha. Pale pembeni ya fisi, nilipodhani ni chapa ya pili, huenda Mkaguzi alikanyaga kurasa akitoka bombani. Sina kiburi, nakubali. Unyayo wa bombani ulikuwa wa paka. Fundi viatu alikuwa sahihi kwenye jambo hilo moja.

Lakini nikasoma mstari wa chini. Kitabu kinasema unyayo wa paka ni sentimita tatu hadi nne, basi.

Wangu nilipima kumi na mbili. Kwa rula. Mbele ya mashahidi.

Niliweka karanga chini. Mtaa mzima umekuwa ukibishana fisi au si fisi, wakati nyumbani kwangu, juu ya kiti changu, analala paka mwenye mguu mara tatu ya paka wote walioandikwa. Mama mkwe amemficha miaka miwili na haoni hata aibu. Hakuna aliyempima.

Nimechukua kopo moja la unga wa pumba chini ya koti. Kesho alfajiri nitaunyunyiza jikoni sakafuni, mstari mmoja kutoka mlangoni mpaka kwenye sufuria ya samaki, nipate nyayo safi za kupeleka kwa mama ofisa. Fundi viatu ataandika tu niliyoyaona mimi. Mke wangu asijue kuhusu unga. Shemeji asijue kuhusu kopo.

Na nitapima nikiwa nimevaa soksi, bila viatu. Hakuna atakayeona nilikopita.